Nilichanganya git ya kazini na ya nyumbani, utani wetu na Msukuma ukamfikia mteja

Wakuu, nawasalimu wote, wenye laptop mpya na wenzangu wa laptop za mtumba ambazo ukichomoa chaja zinakufa hapo hapo.

Miaka yote humu mimi ni msomaji tu. Leo nimefungua uzi kwa sababu juzi kuna mdau kauliza kuna ulazima gani wa kutenganisha jina la kazini na jina la nyumbani kwenye git. Mkamjibu kitaalamu sana, na jamaa akaondoka hajaelewa. Mimi namjibu kwa yaliyonikuta. Sijaongeza kitu, labda nimepunguza aibu kidogo.

Majina ya watu nimebadilisha. Mimi niiteni Deo.

Naishi Sumbawanga mjini, Mazwi. Najua mshaanza. Andikeni kabisa hizo comment zenu za uchawi na radi, mzimalize, ndipo tuendelee.

Tayari? Haya.

Kwa wageni wa mambo haya: git ni kama daftari la kumbukumbu za code. Kila ukibadilisha kitu unahifadhi, na kila hifadhi inaitwa commit. Commit inabeba jina lako, muda, na maelezo mafupi ya ulichofanya. Haisahau. Unaweza ukasahau wewe, lakini miaka mitano baadaye lile daftari linakusubiri hapo hapo na jina lako.

Sasa jina hilo git hailijui kwa miujiza. Wewe ndiye unayeliandika kwenye config, yaani faili la mipangilio ya git. Ukiliandika global, linatumika kwenye kila kazi ndani ya laptop hiyo, iwe ya ofisi au ya nyumbani.

Shika hapo.

Nina rafiki yangu, tumwite Masunga. Ni Msukuma. Familia yao ilihama na ng'ombe zamani ikaja kukaa Ilemba, kule bondeni. Mimi ni Mfipa wa juu huku, wa mahindi, ulezi na baridi. Tulikutana chuo tukisoma diploma, tukarudi Sumbawanga pamoja, tukapanga chumba kimoja tukakiita ofisi. Yeye anatengeneza simu na kompyuta za watu, mimi naandika code.

Masunga ni mtani wangu.

Wazee wanabishana utani huu ulianzia wapi. Wengine watakuambia mtani halisi wa Mfipa ni Mnyamwezi, Msukuma kajipenyeza tu na ng'ombe wake. Sisi hatukusubiri wamalize kubishana. Asubuhi naingia ofisini, jamaa ananiuliza jana nimeruka na ungo wa saizi gani. Namjibu sikuruka, nilikuwa nawasindikiza ng'ombe wake kwangu. Ndiyo salamu yetu. Siku akinisalimia vizuri najua anaumwa.

Basi tukawa na project yetu ya pembeni, app ndogo ya kuonyesha mnada wa ng'ombe uko kijiji gani siku gani. Na kwa kuwa project ni yetu, tukajiachia.

Mimi kwenye git nikajiita Mrithi wa Ng'ombe. Maana yake ng'ombe wote wa kina Masunga ni wangu, wao wananitunzia tu. Nikaliweka jina hilo global.

Masunga naye akaleta ujanja wake. Akaandika hook. Hook ni kiprogramu kidogo ambacho git inakiendesha yenyewe kila unapohifadhi kazi. Ya kwetu ilikuwa inafungua faili linaitwa utani.txt, inachagua mstari mmoja bila mpangilio, inaubandika chini kabisa ya maelezo ya commit. Faili liko kwenye project, kila mmoja anaongeza mistari anavyojisikia, na ukivuta kazi mpya ya mwenzako unavuta na matusi yake mapya.

Baadhi ya mistari, ili mpate picha:

"Msukuma akipotelewa na mke anauliza majirani. Akipotelewa na ng'ombe anafunga mkoa."

"Usimpe Msukuma ugali kwenye kisahani, atadhani ni wa kuonja."

"Mfipa haendi mahakamani, anaangalia mawingu."

"Mfipa akikuambia utaona, usibishane naye, hama."

Faili lilikuwa na mistari kama mia mbili. Mimi mwenyewe sikuwahi kulisoma lote. Hook hiyo nayo tuliiweka global, kwa sababu tulikuwa wavivu wa kuiweka project moja moja.

Mnaanza kuona msiba unakotokea?

Nikapata kazi. Kampuni moja ya Dar, nafanya nikiwa huku huku. Mkataba wa majaribio miezi sita, baada ya hapo ama unaajiriwa moja kwa moja ama unaagwa kwa email ya mistari mitatu. Kabla ya hapo nilikuwa stationery, natoa kopi na kuandikia watu barua za maombi ya kazi, na mimi mwenyewe nikiwa sina. Kwa hiyo kazi ile niliipenda kama mtoto anavyopenda kiatu cha sikukuu. Nilikuwa naamka nayo.

Kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza mfumo wa kupanga zamu za wauguzi, wa mteja mmoja mwenye vituo vya afya nchi mbili tatu za jirani.

Kampuni haikunipa laptop. Wakasema tumia yako. Mimi nikawajibu hamna shida, iko vizuri.

Siku ya kwanza nikatengeneza ufunguo mpya wa SSH, ule wa kuingilia kwenye code ya kampuni, nikafungua akaunti ya kazini kwa jina langu kamili na email ya ofisi, nikaweka hadi picha nimevaa tai. Nikajiona nimetenganisha kazi na nyumbani.

Wakuu, akaunti na config ni vitu viwili. Akaunti ni mlango unaopitia. Jina kwenye commit linatoka kwenye config ya laptop yako. Mimi nilipita mlango wa ofisi nimevaa tai, mgongoni nimeandikwa Mrithi wa Ng'ombe.

Mtasema hukuona? Sikuona. Mimi naandika maelezo ya mstari mmoja na nikitaka kuangalia historia naitazama kwa ufupi, ambapo inakuonyesha mstari wa juu peke yake. Utani ulikuwa unajibandika chini. Msimamizi wangu wa Dar, dada Salma, alikuwa anapitia code, hasomi maelezo. Lile jina alishaliona mara moja, akadhani ni jina la laptop.

Miezi mitano. Nachapa kazi, nasifiwa kwenye kikao cha Jumatatu, na chini ya kila sifa kuna ng'ombe.

Mwezi wa sita ukaanza. Mteja akasema kabla ya kupokea mfumo lazima mtu wa nje aukague, code na historia yake yote. Wakamleta dada mmoja kutoka Nairobi, mtu mzima kidogo kwetu, tumwite madam Nekesa. Alikuwa na sifa ya kusoma kila kitu. Salma akatuambia, "Huyu mama anasoma hadi nukta. Jipangeni."

Mimi nikajipanga. Nikasafisha code, nikaandika maelekezo, nikanywa chai.

Siku ya tatu, mchana, Salma akanipigia. Hakunisalimia.

"Deo, upo peke yako?"

"Nipo na Masunga, anafungua simu ya mtu."

"Kaa chini."

"Nimekaa dada."

"Mrithi wa Ng'ombe ni nani?"

Nikajibu kwa sauti ndogo, "Ni mimi."

Akanisomea ripoti. Mtu asiyejulikana, asiye na mkataba, ameingiza code kwenye mfumo wa mteja mara hamsini na nane. Kila mara ameacha maneno ya kashfa dhidi ya makabila mawili ya Tanzania. Mkaguzi anapendekeza mhusika atafutwe, aondolewe, na mteja asipokee mfumo mpaka suala liishe.

"Hivi wewe una akili timamu? Chini ya zamu za wauguzi unaandika Msukuma anafunga mkoa?"

"Dada, ule ni utani."

"Mimi najua ni utani! Mimi bibi yangu Mzaramo, unanifundisha utani? Nenda kamwambie madam wa Nairobi sasa."

Nikageuka kumwangalia Masunga. Alikuwa kasikia kila kitu, kaweka bisibisi chini, anacheka bila sauti, machozi yanamtoka. Nikamwambia kazi yangu inaondoka. Akasema, "Bhebhe, wewe si uangalie mawingu?"

Hapo nilitaka kumpiga na ile simu ya mteja wake.

Alipoona sicheki ndipo naye akaacha. Tukafungua historia kamili, tukaisoma ile mistari mmoja mmoja kwa haraka haraka, juu juu, kama mtu anayehesabu alichoibiwa. Tulifika kama wa ishirini nikafunga. Sikuweza. Kwenye project yetu mistari ile ilikuwa inatuchekesha hadi tunashika ukuta. Ikisomwa chini ya nembo ya kampuni, na mtu asiyetujua, hata mimi niliona ni maneno ya mtu mbaya. Na kwa nchi yetu hii, kuitwa mkabila ni aibu ambayo hata mama yako hawezi kukutetea nayo sokoni.

Kikao kikapangwa Ijumaa saa tisa alasiri, kwa video. Salma, madam Nekesa na mimi. Salma akaniambia, "Mlete na huyo Msukuma wako. Akisema yeye mwenyewe hajatukanwa, labda tutapona."

Nikamwomba Masunga. Nikamsihi awe mtu mzima kwa dakika ishirini tu. Akaapa.

Ijumaa akaja kavaa suti aliyovaa kwenye harusi ya kaka yake, juu suti na tai, chini kandambili. Ilikuwa siku ya baridi ile yetu, upepo unapiga mabati, tumekaa mbele ya laptop moja kama wachumba kwa mchungaji. Mimi nimevaa sweta chini ya shati.

Madam Nekesa hakuwa mkali nilivyomtegemea. Alikuwa mpole, na hilo likanitisha zaidi.

"Sasa Deo, hebu nielezee. Hii ni wewe uliandika?"

"Mengine mimi, mengine mwenzangu. Ni utani, madam. Huku kwetu makabila yana watani. Mtani anaweza kukuambia chochote na huruhusiwi kukasirika. Ile hook ilikuwa ya project yetu binafsi, nikasahau kuitenga na kazi. Kosa ni langu. Lakini si chuki."

Akatikisa kichwa pole pole.

"Nimekusikia. Lakini mimi nitakuambia ukweli. Mama yangu alihama nyumba aliyoijenga na mikono yake kwa sababu ya maneno. Na hayo maneno yalianza kama mzaha, sokoni, watu wakicheka. Kwa hivyo mtu akiniambia ni mzaha tu, mimi siwezi cheka."

Mimi nilikuwa nimejiandaa kujitetea, na yale maandalizi yote yakaisha. Nikasema, "Pole sana madam." Nilimaanisha.

Akamgeukia Masunga.

"Na wewe ndiye Msukuma anayesemwa?"

"Ndiye, madam. Shikamoo."

"Marahaba. Nataka unijibu bila kuogopa huyu. Umewahi kuhisi anakutukana?"

Wakuu, mtu aliyeapa. Mtu aliyevaa suti.

"Kila siku, madam. Huyu ni Mfipa, wewe ulitegemea nini?"

Salma akafunika uso kwa viganja vyote viwili.

"Kila siku anakutukana?"

"Kila siku. Na ana deni la kuku wangu. Na madam, ukimfukuza kazi, atakayemlisha ni mimi, na watu wembamba hawa wanakula, usidanganyike."

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Kandambili ikamtoka. Hakunyamaza.

"Na mimi pia namtukana. Ile ya mawingu ni yangu. Ile ya kuhama ni yangu. Nzuri nzuri zote ni zangu, madam, hizo za ugali ndiyo zake."

Madam Nekesa alikuwa anaandika. Niliona anaandika kwa muda mrefu, na nikajua pale nimerudi stationery. Nikaanza hadi kuwaza kama yule mwenye duka ameshapata mtu mwingine.

Kisha akaacha kalamu.

"Kuna moja nataka kuuliza. Hizi zingine zote nimezielewa, ata kama sizipendi. Hii ya mwezi wa pili sijaielewa. Nimeisoma mara tatu. Iko chini ya commit ya kurekebisha zamu iliyojirudia. Ni ya nani?"

Akaisoma kwa sauti, taratibu, kwa lafudhi yake ya Nairobi:

"Mfipa alivaa koti la mzee, akatembea kama mzee. Mama akacheka, akanywa uji. Mungu ampe huyu mchawi maisha marefu."

Mimi nilikuwa siujui ule mstari. Nawaambia kweli, nilikuwa siujui. Nikamtazama Masunga nikidhani naye atashangaa.

Masunga alikuwa anaangalia dirishani.

"Hii ni tusi gani?" akauliza madam Nekesa.

Masunga akakohoa. Akashika tai. Mtu ambaye tangu nimjue hajawahi kukosa la kusema, akawa anatafuta maneno.

"Hiyo si tusi, madam. Hiyo niliiweka mimi." Akaiachia tai. "Baba yangu alifariki mwaka jana. Mama alikaa siku mbili hali, hanywi, haongei. Wanawake wa ukoo walimbembeleza wakachoka. Sasa huyu akashuka kuja Ilemba na bodaboda, kafika kajaa vumbi, hata pole hakutupa. Akaingia ndani, akachukua koti la baba na fimbo yake, akatoka kalivaa mbele ya watu. Baba alikuwa anachechemea mguu wa kushoto, na akitembea anawagombeza ng'ombe kwa majina. Huyu akachechemea uwanja mzima, anawagombeza waombolezaji kwa majina ya ng'ombe. Alipofika kwa mama akasema, wewe mwanamke, uji wangu umechelewa."

Akaacha dirisha, akaangalia kamera.

"Mama akacheka. Akacheka mpaka akalia. Kisha akaletewa uji, akanywa pamoja na huyu. Ndiyo hivyo, madam. Ndiyo utani wenyewe. Hiyo ya ugali ni mazoezi tu."

Sasa niwaambie upande wangu.

Siku ile Ilemba mimi niliona nafanya kazi ya mtani kama inavyofanywa. Nilimwona babu yangu akifanya, nami nikafanya. Hata niliogopa kwamba nimezidisha. Masunga hakuniambia kitu. Kesho yake alinitumia ujumbe mmoja kwamba niwarudishe ng'ombe niliowaroga, basi. Mtani hashukuriwi, wakuu. Ukimshukuru mtani umemgeuza mgeni. Kwa hiyo jamaa alikaa na shukrani yake tumboni, akashindwa pa kuiweka, akaenda kuificha kwenye faili la matusi, katikati ya mistari mia mbili, akijua ipo siku hook itaichagua na kunidondoshea.

Hook ikaichagua kweli. Ikaidondosha kwenye zamu za wauguzi.

Nilizima kamera nikasema network inasumbua. Network ilikuwa nzuri tu.

Nilipowasha, madam Nekesa alikuwa kavua miwani anaifuta. Salma alikuwa anaangalia pembeni. Madam akauliza swali moja la mwisho, kwa Masunga.

"Na mama sasa yuko sawa?"

"Yuko sawa, madam. Anamuulizia huyu kila wiki. Anamwita mume wangu."

Hapo ndipo nilipomsikia madam Nekesa akicheka. Kidogo tu, kwa pua.

Kisha akarudi kazini. Akasema anaelewa, lakini kuelewa hakufuti kosa. Mfumo ni wa wagonjwa na wauguzi wa makabila yote, na muuguzi akifungua historia akakuta kabila lake limechezewa, hatakuwepo Masunga wa kumweleza habari za koti. Nikakubali, kwa sababu ni kweli. Akatoa masharti. Jina langu halisi liwekwe kwenye commit zote hamsini na nane. Mistari ya utani ifutwe kwa orodha atakayoituma yeye. Niandike barua ya kueleza kilichotokea. Na nimwonyeshe kwa macho kwamba kazi na nyumbani vimetengana.

Nilitenganisha jioni ile ile. Mdau uliyeuliza, na hili ndilo jibu lako, lisome vizuri:

Tengeneza folda mbili, moja kazi, moja nyumbani. Project zote ziingie kwenye mojawapo, hakuna kuzagaa. Kwenye config kuu futa jina na email kabisa, na hook kama unazo, kisha washa user.useConfigOnly iwe true. Hapo git ikikosa jina itagoma kuhifadhi badala ya kubahatisha. Halafu tumia includeIf, useme project ikiwa ndani ya folda ya kazi isome faili la config la kazini, ikiwa ya nyumbani isome la nyumbani. Funguo za SSH nazo ziwe mbili, kila moja na njia yake. Ukimaliza, ingia kwenye kila folda uandike git config user.email uone inakujibu nini. Usiamini, angalia. Na mara moja moja fungua historia yote, maelezo mazima, siyo mstari wa juu tu.

Dakika kumi na tano. Mimi zilinishinda miezi mitano.

Wengine mtaniambia dawa ni kuacha utani kwenye code. Hapana. Utani wetu bado upo, uko kwenye folda yake. Nilichojifunza ni kwamba maneno mnayoambiana watu wawili mkiwa na miaka ya kujuana, hayawezi kusafiri bila nyinyi. Yakifika peke yake kwa mtu mwingine yanafika yamebadilika sura. Nilimfikiria sana mama yake madam Nekesa na ile nyumba.

Mkataba wa ajira nilikuja kusaini. Salma alinitumia nakala, juu yake akaandika, "Karibu rasmi, Mrithi." Nikamwomba asirudie.

Jumatatu baada ya kile kikao orodha ya madam Nekesa ilikuja. Nikabadilisha jina kwenye commit zote hamsini na nane, kisha nikaanza kufuta mistari nikifuata orodha, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikamaliza. Nikahesabu. Hamsini na saba.

Nikahesabu tena. Nikampigia Salma kumwambia mkaguzi karuka moja, ile ya mwezi wa pili.

Akaniuliza, "Wewe umeambiwa ufute zipi?"

"Zilizo kwenye orodha."

"Basi soma orodha yako, Deo. Huyo mama hasahau."

Sikuifuta. Ipo mpaka leo kwenye mfumo wa mteja, jina langu kamili na email ya ofisi juu, koti la mzee wa Ilemba chini. Masunga sijamshukuru, na akisoma hapa ajue kwamba sijamshukuru.

Karibuni mchangie, hasa mliowahi kuumbuliwa na git, tusaidiane. Wasukuma nanyi karibuni, ila mpite mmoja mmoja, uzi ni mdogo.